Gari Linachemsha: Kabla Hujanunua Wota Pampu

Liwe Noah la abiria, Land Cruiser la watalii au Vitz la kwendea sokoni, gari likichemsha lawama ya kwanza huangukia wota pampu, yaani pampu ya maji ya kupozea injini. Ingia gereji yoyote ya Unga Limited, hapa Arusha, useme tu "inachemsha", na kuna atakayekujibu kabla hajafungua boneti: "Bosi, hiyo pampu imekwisha. Toa hela nikachukue nyingine." Kuna siku anapatia. Lakini zipo siku nyingi pampu nzima inatupwa, mpya inafungwa, na gari linachemsha tena palepale, kwenye ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu.

Kuchemsha ni kama homa. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi, na mtu mwenye akili hamezi dawa kabla ya kupima. Vipimo vya gari vingi havihitaji mashine. Vinahitaji tochi, mkono, sikio, na subira ya kungoja injini ipoe.

Pampu inavyokufa

Pampu yenyewe si kitu cha ajabu. Kuna puli inayozungushwa na mkanda, shafti inayopita kwenye beringi, na mwisho wa shafti kuna impela, yaani kisahani chenye mapanga kinachosukuma maji yatoke kwenye injini, yaende kupozwa kwenye rejeta, kisha yarudi. Kati ya maji na beringi inakaa sili. Ni nyuso mbili ngumu zinazosuguana muda wote injini inapowaka, na kinacholainisha msuguano huo ni yale maji yenyewe yenye kulanti, dawa ya kupozea injini na kuzuia kutu. Ndiyo sababu pampu iliyowahi kuzunguka kavu haidumu, hata kama siku ile gari lilifika nyumbani salama.

Chini ya shingo ya pampu kuna kitundu kidogo. Hakikuachwa kwa bahati mbaya. Sili ikianza kuchoka, maji yatokee hapo nje badala ya kuingia kwenye beringi. Hicho ndicho shahidi wako mkuu, na wapo mafundi wanaokiziba kwa silikoni ili mteja asione tone. Ukikiziba, maji yanakwenda kwenye beringi, na beringi ikivunjika puli inaweza kung'oka na mkanda pamoja.

Kwa hiyo pampu ina njia nne za kufa: sili ivuje, beringi ichakae, impela iliwe na kutu au ilegee kwenye shafti, au gasketi yake, kile kizibo cha mshono kati ya pampu na injini, ipitishe maji. Tatu kati ya hizo utaziona au kuzisikia. Ya impela imejificha, nayo ndiyo inayosingiziwa kuliko zote.

Linachemsha wapi, na wakati gani?

Swali hili lina thamani kuliko kipimo chochote. Fundi asiyekuuliza, mwambie mwenyewe.

Linachemsha ukiwa umesimama kwenye foleni, pale Kilombero au Mianzini mjini Arusha saa kumi na moja jioni, lakini ukishika barabara ya Moshi na upepo ukaanza kupita mshale wa joto unashuka wenyewe. Hapo usiguse pampu. Tatizo liko kwenye feni. Kwa magari madogo yenye feni ya umeme, washa AC injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, uone kama feni inazunguka. Isipozunguka, fuata fyuzi, rilei, plagi ya waya, kisha mota yenyewe. Kwa Land Cruiser, Hiace na Prado zenye feni ya kluchi inayozungushwa na injini yenyewe, zima injini ikiwa ya moto kisha jaribu kuizungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru bila ukinzani wowote, kluchi imekwisha mafuta yake. Wengine huikaza kwa kuichomelea izunguke moja kwa moja na injini. Inapooza, ni kweli, lakini inakula mafuta, inapiga kelele, na mzigo wote huo unabebwa na beringi ya pampu kwenye injini ambazo feni imefungwa juu ya pampu.

Linachemsha kwenye mlima au mwendo mkali, lakini mjini liko sawa. Hapa injini inatoa joto jingi kuliko linaloweza kuondolewa. Anza na rejeta. Magari yanayoingia porini hujaza mbegu za majani na vumbi katikati ya rejeta na kondensa ya AC, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Pitisha tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Osha kwa maji ya kawaida ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha ya kuoshea magari inalaza mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Kama nje ni safi, huenda ndani kumeziba: gusa uso wa rejeta kwa uangalifu injini ikiwa imepata moto na kuzimwa, na feni ikiwa imesimama kabisa, utafute sehemu zilizobaki za baridi. Ni baada ya rejeta ndipo impela ya pampu na hedi gasketi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake) zinapoingia kwenye orodha ya washukiwa.

Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi. Maji ni machache, kuna hewa imenaswa ndani, au themostati, ule mlango unaofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, imeganda ikiwa imefunga. Mshale ukipanda na kushuka wenyewe bila sababu, hiyo kwa kawaida ni hewa.

Kisha kuna hali inayodanganya: moshi unatoka kwenye boneti lakini mshale uko katikati. Kihisi cha joto kinapima maji. Maji yakiisha, kinabaki hewani na kinaweza kukuonyesha kwamba mambo ni shwari. Wenye Vitz wana shida zaidi, kwa sababu dashibodi yake haina mshale. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu mambo yakiharibika. Katikati ya hizo mbili hujui chochote.

Mfuniko wa rejeta na urefu wa milima yetu

Kitu hiki cha bei ndogo hakipewi heshima yake, na kwetu huku kina kazi kubwa kuliko Dar es Salaam. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 1 kila mita 300. Moshi mjini, mita 800 na kitu, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Arusha, mita 1,400, ni nyuzi 95. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, ni nyuzi 92 au 93. Injini nyingi huanza kufungua themostati kwenye nyuzi 82 na kufanya kazi kati ya hapo na 95. Bila presha, gari linalopanda kwenda Ngorongoro lingechemsha hata kama kila kitu ni kizima.

Kinacholiokoa ni mfuniko. Umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na namba hiyo ni presha unayoshikilia. Mfuniko mzima unasogeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo Arusha unakuwa na nafasi mpaka nyuzi 115 hadi 120. Raba yake ikikatika au springi ikilegea, nafasi yote hiyo inapotea. Kwa gari linalochemsha mlimani na kumwaga maji kwenye tanki la akiba, mfuniko mpya wenye namba ileile ni jaribio la kwanza, kwa sababu ni rahisi. Usiweke wenye namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua rejeta ya plastiki au mpira wa hita.

Na kabla hatujaendelea: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110 yakikutana na hewa yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu na moto, ngoja.

Maji yanapungua, lakini huoni yanapokwenda

Egesha usiku juu ya kadibodi au boksi lililokunjuliwa. Asubuhi tazama matone yako wapi, ukijua kwamba upepo na bamba la kinga chini ya injini hupeleka tone mbali na chanzo chake. Tone la upande wa mikanda, hasa likiwa na rangi ya kulanti, linaelekeza kwenye pampu.

Kwenye pampu tafuta alama, si maji. Kulanti ikikauka huacha ukoko wa waridi, kijani au mweupe unaoanzia kwenye kitundu na kushuka. Doa kavu dogo peke yake si hukumu. Sili hupitisha unyevu kidogo hata ikiwa nzima. Mstari mrefu, ukoko mnene, au michirizi iliyorushwa kwenye mkanda na boneti ni hukumu. Kama ukoko unaanzia kwenye mshono kati ya pampu na injini, kilichokufa ni gasketi, ingawa kwa kazi iliyopo ya kufungua, watu wengi hubadilisha vyote na nawaunga mkono.

Pampu ikiwa kavu, pita kwenye mipira yote na klipu zake, viungo vya plastiki vya rejeta, kisha ingiza mkono chini ya zulia la abiria wa mbele. Zulia likiwa na unyevu wenye utamu wa harufu, ni rejeta ndogo ya hita.

Kama hata huko hakuna kitu, maji yanaliwa ndani, na mazungumzo yanabadilika. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Mpira wa juu unaokuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha asubuhi. Mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta. Hizo ni dalili za hedi gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Mafundi wenye vifaa wana kichupa chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya rejeta. Kikigeuka njano, gesi ya moshi inaingia kwenye maji. Wenye Prado au Surf za dizeli zenye injini ya 1KZ wanajua vizuri habari hii, kwa sababu hedi yake ya aluminiamu haisamehe kuchemsha hata mara moja. Pampu mpya haitamsaidia mtu huyu chochote.

Kelele za upande wa mikanda

Watu wanachanganya kelele tatu. Mlio mkali wa filimbi asubuhi ya baridi, unaokwisha baada ya muda, ni mkanda. Unyunyizie maji kidogo mkanda wa mbavu nyingi injini ikiwa sailensa, ukiwa umesimama mbali, huku nywele, mikono ya shati na skafu vikiwa vimefungwa. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi, puli hazijanyooka. Na puli iliyopinda inaweza kuwa ya pampu yenye beringi mbovu. Mlio ukizidi, mkanda unateleza kwa kulegea.

Mngurumo mzito unaoongezeka na mwendo wa injini ni beringi, lakini ya nani? Pembeni kuna alteneta, kompresa ya AC, tensha inayokaza mkanda, na pampu. Zima injini, toa mkanda, kisha zungusha kila puli kwa mkono. Nzima inazunguka kimya. Mbovu inakwaruza, na mkono unasikia kabla ya sikio. Kisha shika puli ya pampu juu na chini uitikise. Ikicheza hata kidogo, hapo hakuna mjadala.

Kwa wasiotaka kutoa mkanda, bisibisi ndefu iliyowekwa ncha kwenye mwili wa pampu na mpini sikioni injini ikiwaka inasaidia, ila ni kazi ya mtu asiye na haraka. Vidole vimekatika hivyo.

Hita ya asubuhi ya Juni

Kule Moshi mjini hita ni pambo. Arusha mwezi wa Juni na Julai watu wa Sakina na Ngaramtoni wanaitumia kweli, na wakiitumia wanapata kipimo cha bure. Kama mshale umepanda, lakini hita inapuliza baridi, maji ya moto hayafiki kwenye rejeta ya hita. Ama maji ni machache, ama kuna hewa, ama pampu haisukumi. Jaza maji na utoe hewa kwanza. Ikibaki baridi sailensa na kuwa ya moto ukikanyaga mafuta tu, mshuku impela.

Kumkamata mshukiwa aliyejificha

Impela haionekani bila kutoa pampu, lakini kazi yake inaonekana. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza mpaka juu, washa. Mwanzoni maji yatatulia, kwa sababu themostati imefunga. Ngoja mpira unaokwenda kwenye themostati upate moto, kisha mwenzako akanyage mafuta taratibu mpaka kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Maji mdomoni yanapaswa kuonekana yakikimbia. Yakibaki yamelala wakati injini iko moto, ama themostati haijafunguka, ama rejeta imeziba, ama impela haifanyi kazi.

Ili kutenganisha, toa themostati na uichemshe kwenye sufuria (isiwe ya kupikia tena) ikiwa imening'inizwa kwa uzi, na kipimajoto pembeni. Namba iliyochongwa juu yake, mara nyingi 82, ndipo inapopaswa kuanza kufunguka, na kufikia nyuzi 95 iwe imefunguka kama milimita 8. Kwa bahati njema 95 ndipo maji ya Arusha yanapochemka, kwa hiyo sufuria ikichemka na mlango haujafunguka vizuri, umepata jibu. Themostati ikiwa nzima na rejeta ikipitisha maji vizuri, sasa toa pampu. Utakuta mapanga yaliyoliwa mpaka kubaki vishina, au impela inayozunguka peke yake juu ya shafti. Baadhi ya magari ya Ulaya, Volkswagen yakiwemo, yaliwahi kutoka na impela za plastiki zinazopasuka. Hizo ukizizungusha kwa mkono unaelewa mara moja.

Nimesema toa themostati uipime. Sikusema uitupe. Tabia ya kuondoa themostati "kwa sababu nchi yetu ni ya joto" imezoeleka mno, na ni mbaya. Injini inakaa baridi kupita kiasi, inakula mafuta na kuchakaa. Tena kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato wakati mlango mkuu unafunguka. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani gari linachemsha zaidi kuliko awali. Halafu inalaumiwa pampu.

Ukiwa njiani

Mshale ukianza kupanda na bado hakuna moshi, zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni yake, punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Moshi ukitoka, zima injini hapo hapo. Hakuna "nifike Makuyuni kwanza". Ngoja nusu saa au zaidi. Mvuke ukiisha na mpira wa juu ukilegea, fungua mfuniko kwa kitambaa kizito hatua kwa hatua, washa injini, kisha mimina maji polepole ikiwa inawaka. Maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye injini kavu ya moto yanapinda hedi. Utingo anayekuja mbio na ndoo anataka kusaidia. Mpokee ndoo, mshukuru, uiweke chini.

Manjano, yai na dawa za kuziba matundu ni za kukufikisha mjini tu. Hazichagui tundu; zinaziba pia rejeta na hita.

Ukishathibitisha: kuchagua na kufunga

Kabla ya kukubaliana bei ya kazi, jua pampu yako inazungushwa na nini. Injini za 1NZ za IST na Premio, 1ZZ, 1AZ za Noah la pili, na QR20 za X-Trail zina taiming cheni (mnyororo unaoendesha vali za injini kwa mpangilio), na pampu iko nje ikizungushwa na mkanda wa kawaida. Kazi ya nusu siku. 1HZ ya Land Cruiser za safari ina taiming belti, mkanda wa kazi ileile ya cheni, lakini pampu yake inazungushwa na mikanda ya feni mbele. Unaihudumia bila kugusa taiming. Injini ya 3S ya Noah la zamani na EJ20 ya Subaru Forester ni habari nyingine: pampu inazungushwa na taiming belti yenyewe. Hapo unalipa kazi ya taiming upende usipende, kwa hiyo badilisha pampu, belti, tensha na puli za kuelekezea kwa pamoja. Kubana matumizi kwa kurudisha belti yenye kilomita 80,000 juu ya pampu mpya, au pampu kuukuu chini ya belti mpya, ni kulipa ufundi mara mbili. Belti iliyolowa kulanti au oili haifai kurudi hata ikiwa mpya. Prius za kuanzia 2010 hazina mkanda wa pampu kabisa, zina pampu ya umeme. Usimwachie fundi anayetafuta puli.

Dukani peleka pampu ya zamani mkononi. Linganisha idadi na urefu wa mapanga, matundu ya boliti, kimo cha puli. Spea za bandia nyingi zinajisaliti kwa aluminiamu yenye vinyweleo, beringi inayozunguka kwa mikwaruzo ikiwa bado kwenye boksi, na impela fupi kuliko ya asili. Pampu ya mtumba ya Kijapani ni kamari: sili iliyokaa kavu miezi mingi kwenye kontena huanza kuvuja wiki za mwanzo.

Kwenye kazi yenyewe, machache huwa yanasahaulika. Legeza boliti za puli wakati mkanda bado umekaza, vinginevyo puli itazunguka na funguo. Kinga kulanti kwenye beseni. Safisha uso wa injini kwa kikwangua cha plastiki au mti, si grainda, kwa maana aluminiamu ikishachimbika hakuna gasketi itakayoziba. Gasketi mpya inafungwa kavu isipokuwa mtengenezaji ameagiza silikoni. Silikoni ya ziada inaingia ndani na kwenda kukaa kwenye matundu ya rejeta. Boliti ndogo za milimita 6 zinakazwa kwa msalaba na kwa upole, kama Nm 10, kiasi cha mkono mmoja na funguo fupi. Mafundi wetu wanakaza mpaka boliti inalia, kisha inakatika ndani ya bloku, na mteja anaambiwa "ilikuwa imeoza". Mkanda usio na tensha ya kujikaza wenyewe, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ushuke kama sentimita 1. Ukikaza kama waya, unaua beringi mpya.

Kwa 3S na EJ20, kabla ya kuwasha, zungusha kranki, shafti kuu ya injini, kwa mkono mizunguko miwili kamili na urudi kutazama alama za taiming. Kwa EJ20 za kamshafti mbili usiruke hatua hii, maana vali na pistoni zinaweza kukutana.

Kutoa hewa ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Inua pua ya gari, kwa jeki au kwa kuliegesha likitazama mlimani, hita iwe kwenye moto mwisho, mfuniko wazi, injini sailensa. Minyaminya mipira ya juu na chini. Mapovu yatatoka kwa vipindi. Endelea mpaka feni ijiwashe mara mbili na hita ipulize moto kweli, kisha funga.

Maji gani?

Si ya bomba. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi, ndiyo hayo yaliyopaka rangi meno ya wengi wetu, na yana chumvi za kutosha kushambulia aluminiamu. Maji matupu pia hayana dawa ya kuzuia kutu, na ni kutu hiyo inayokula impela na kusaga sili. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Rangi si kipimo. Waridi ya kampuni moja si waridi ya nyingine, na zisizopatana zinaweza kugeuka uji. Kama hujui kilichomo, mwaga yote, suuza, anza upya.

Kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uani wala kuimwaga mtaroni. Ina utamu, mbwa na watoto wataionja, na ni sumu ya figo. Itie kwenye dumu, funga, andika juu yake.

Kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha, fungua mfuniko tena. Kiwango kushuka kidogo ni hewa iliyokuwa imebaki, jaza. Kikishuka tena siku ya tatu, chukua tochi, rudi kwenye kitundu, na mpigie fundi wakati ukoko bado ni mbichi.